Mistari Kumi na Saba Isiyo na Jina

19 Oktoba

Binti yangu Jedidah alijifungua juzi, majuma kumi na moja kabla ya siku zake. Presha ilipanda, akapata kifafa cha mimba, wakampasua. Jana figo zilianza kukataa kazi, wakampeleka Mombasa kwa ambulensi. Mumewe, Titus, ameenda naye. Mtoto hangeweza kusafiri. Amebaki hapa Voi, nami nimebaki naye.

Ni wa kike. Gramu 1,060. Jina hana bado. Kwenye inkubeta wamebandika karatasi: Mtoto wa Jedidah.

Kabla ambulensi haijaondoka Titus alinishika mkono akasema, "Baba, mlinde mpaka Jedi arudi." Nilimuuliza nitamlindaje. Alikuwa ameshapanda.

Nimekuwa mwandishi wa habari za redio kwa miaka thelathini na mmoja. Katika chumba cha watoto njiti sina ninalojua kufanya ila kuandika. Nimenunua daftari, nikachora safu tano: saa, aliyegusa, kazi aliyofanya, oksijeni kabla, oksijeni baada. Mashine iliyofungwa mguuni pake inaonyesha oksijeni iliyo katika damu. Wanataka isipungue 90. Jedidah akirudi atataka kujua kila kitu.

Jua kali. Mvua bado.

20 Oktoba

Watoto ni kumi na mmoja, sista ni mmoja kwa zamu, mara chache wawili. Wa mchana ni Katuku, mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, maneno machache. Kila baada ya saa tatu huja kwa mtoto wetu na kufanya kila kitu kwa mpigo mmoja: joto, nepi, kumgeuza, maziwa ya mrija. Dakika saba. Kisha hufunika inkubeta kwa leso nzito iliyokunjwa mara mbili ili ndani pawe na giza, na kuondoka bila kumtazama tena.

"Mzee, unaruhusiwa kukaa kwa sababu mama hayupo," aliniambia. "Ila mgeni hagusi mpaka nimwambie."

Nimeliandika hilo. Sheria nzuri kwa wageni.

Sista wa pili ni Abby, msichana mchangamfu. Huwaimbia. Akipita hufungua kidirisha, humwita mtoto "mrembo", humweka sawa kofia, huenda zake. Nampenda zaidi.

21 Oktoba

Kabla ya Katuku 93, baada 88. Baada ya dakika mbili 93. Kabla ya Abby 92, baada 79. Dakika tisa kurudi.

Saa nane mchana chumba hutulia. Leo nimeutazama unyayo wake wa kulia. Urefu wake ni sawa na kidole changu cha shahada kutoka ncha hadi kifundo cha pili. Nimepima. Saa nane na robo oksijeni ilishuka hadi 81 bila sababu.

22 Oktoba

Jedidah hajaamka vizuri. Wanamsafisha damu kwa mashine.

23 Oktoba

Tracy wa redio amepiga simu: ndovu wameingia mashamba ya Rukanga, mahindi ya kumwagilia yamekwisha. Nimemwambia atume mwingine. Akauliza kama naumwa.

24 Oktoba

Mama Titus, mkwe mwenzangu, ameshuka kutoka Mwanda akiwa na bakuli la kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, na Biblia. Alinikuta na daftari.

"Baba Jedidah, hata mjukuu unamhesabia kura?"

"Naandika tu."

"Basi andika kwamba bibi yake amefika."

Katuku alikuwa upande wa pili, akimtia mtoto mwingine dripu. Mama Titus alifungua kidirisha, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto na kuanza kuomba kwa Kidawida. Sauti haikuwa kubwa, lakini kiganja kilikuwa kikitikisika na kila neno. Kwanza mtoto alipanua vidole vyote, kama anayesukuma kitu. Akakunja uso. Akapiga miayo mara mbili, nikadhani amestarehe. Kisha mikono ikaruka pembeni, rangi ikawa ya jivu. 92, 85, 71. Kengele ikalia.

Katuku alikuja bila kukimbia. Alimwondoa Mama Titus kwa bega, akamkuna mtoto mgongo kwa vidole viwili mpaka akavuta pumzi. Alipomaliza aliniuliza mimi, si Mama Titus, "Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Ukawa unafanya nini?"

Nilimwonyesha mstari wa daftari. Saa, jina, kazi: maombi, na pembeni: alipanua vidole, miayo mara mbili. 92, 71. Mama Titus aliusoma akichungulia juu ya bega langu. Katuku akasema bibi hataingia tena mpaka atakapoitwa, nami nikasema ni haki. Aliondoka bila bakuli lake.

25 Oktoba

Upepo. Vumbi la mkonge kutoka upande wa Mwatate. Gramu 1,010. Hupungua kwanza, wanasema.

Nane na nusu: 83. Bila sababu.

26 Oktoba

Daktari amepiga picha ya kichwa kwa mashine inayopita juu ya utosi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alizungusha kile kifaa polepole, akasimama, akarudi palepale.

Kuna damu imevuja ndani ya ubongo, upande wa kushoto. Si nyingi sana, si kidogo. Inaweza kufyonzwa. Inaweza kuongezeka. Anaweza asionyeshe chochote, anaweza asitembee.

Nilimuuliza kama kugusagusa kunaweza kusababisha. Akasema, "Watoto wa umri huu mishipa yao ni myembamba. Oksijeni na presha zikipanda na kushuka hazisaidii. Lakini kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema ni hiki au kile."

Nimeandika jibu kama alivyolitoa. Titus alipopiga simu nilimsomea. Akasema Jedi asiambiwe sasa.

27 Oktoba

Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kusema. Lakini nina daftari.

28 Oktoba

Hakuna mvua. Mahindi ya watu yamepandwa kavu yanangoja.

30 Oktoba

Gramu 1,040.

31 Oktoba

Nimeanza kujumlisha. Nilimdhania Katuku vibaya. Nilimwona mkavu, mwanamke aliyechoka na watoto. Lakini akimgusa yeye, mtoto hushuka alama nne au tano na kupanda haraka. Kabla ya kumgeuza huweka mkono mmoja kichwani na mwingine kwenye miguu iliyokunjwa, na kungoja. Nilidhani anapumzika. Abby anayewaimbia ndiye anayemtikisa. Nimekuwa nikimpenda mtu kwa sababu ya sauti yake.

1 Novemba

Jumla, siku kumi na mbili: kushuka mara hamsini na nane. Abby ishirini na mbili. Katuku kumi na nne. Daktari tatu. Aliyetoa damu, moja. Mama Titus, moja. Zilizobaki, kumi na saba, hazina mtu: zimetokea zenyewe.

Kesho nitampelekea Katuku hesabu hii. Asiposikia nitaenda kwa mkubwa wa wauguzi, na asiposikia huyo, nina redio.

2 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilimngoja amalize duru ya saa sita. Nikamwambia nina jambo kuhusu Sista Abby. Alikaa kwenye stuli, akafuta mikono, akapokea daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu asomaye mkataba.

"Abby ana wiki sita tu hapa," alisema. "Nimeshamwambia asiwe anafungua fungua. Nitamwambia tena leo, na nitamwonyesha haya. Umefanya kazi nzuri, mzee."

"Asante."

"Hizi zisizo na jina?"

"Zilitokea zenyewe."

Akaweka kidole kwenye mstari. "Nane na robo." Akageuza. "Nane na nusu. Nane na robo. Tano na nusu. Nane na dakika ishirini. Wakati huo mimi niko dirishani nikipokea maziwa ya watoto na Abby anakula. Chumbani anakuwa nani?"

Niliutazama mstari chini ya kidole chake.

"Mzee Thadeus. Anakuwa nani?"

"Mimi."

"Unamgusa?"

Nilikuwa karibu kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha nikauona mkono wangu wa kulia ukiwa umetulia juu ya goti, kidole cha shahada kikitembea juu ya kitambaa cha suruali, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Namgusa unyayo," nilisema. "Kidogo tu. Kwa kidole kimoja."

"Kinatembea?"

"Kinatembea."

"Hapo ndipo penyewe," alisema, bila kupandisha sauti. "Watu hudhani mguso mwepesi ndio mzuri. Huyu ngozi yake haijamaliza kuumbwa. Kidole kinachotembea hakimbembelezi. Kinamwamsha kila kinapopita, na kumchosha, na akichoka anasahau kupumua. Mkono kwa huyu unakaa. Uwe na uzito kidogo, usisogee. Akipanua vidole, akipiga miayo, akipata kwikwi, anakwambia basi. Umeyaandika yote haya hapa, tazama: 'alipanua vidole', 'miayo mara mbili'. Uliyaona. Hukujua ni maneno."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mgeni hagusi mpaka aambiwe." Kisha akasema, "Na nilikuamini. Ulikuwa na daftari."

Mhariri wangu wa kwanza alinifundisha kwamba mwandishi haonekani katika habari yake. Nimefundisha vijana hivyo hivyo. Sikuficha. Ningeulizwa mahakamani ningeapa kwamba simgusi, na ningekuwa naamini. Nimemfukuza bibi yake kwa kugusa mara moja. Mimi ni mara kumi na saba, na kumi kati ya hizo ni kabla ya ile picha ya kichwa.

3 Novemba

Nimeandika jina langu katika ile mistari kumi na saba, kwa wino mwekundu ili ijulikane liliongezwa baadaye.

4 Novemba

Nakaa kwenye benchi la nje. Ndani naingia kuleta maziwa yanayotolewa na mama wengine, na kutoka.

5 Novemba

Mvua imeanza usiku. Asubuhi harufu ya udongo hadi ndani ya korido.

7 Novemba

Mvua. Gramu 1,090. Jedidah ameuliza mtoto anafanana na nani. Titus akanipigia ili nimjibu mwenyewe. Nikasema bado ni mapema kusema.

9 Novemba

Mvua. Katuku amenikuta kwenye benchi. "Umejifukuza mwenyewe?" Nikasema ni afadhali. Akasema, "Kwa nani?" na kuingia. Baadaye alitoka akanichukua kwa nguvu, akanionyesha kwa mikono yake jinsi ya kumkunja mtoto: mmoja kichwani, mmoja kwenye miguu, ngoja. Aliponiambia nijaribu nikakataa.

10 Novemba

Mvua.

12 Novemba

Mto Voi umefurika, watu wanavushwa kwa trekta. Saa nane kasoro kumi mchana stima zilipotea. Jenereta hushika ndani ya dakika moja. Leo haikushika.

Katuku alikuwa peke yake. Mashine za pumzi, zinazosukuma hewa puani mwa watoto, wetu akiwamo, zikanyamaza, maji katika chupa zake yakaacha kutoa mapovu. Alianza na mtoto wa mlangoni, mdogo kuliko wetu, akimpumulisha kwa mfuko wa mkono. Mimi nilikuwa nimeleta maziwa. Mashine ya kupima oksijeni ina betri yake, ikaendelea kuonyesha. Nikasimama mbele yake.

"Wako yuko vipi?" aliita.

"Themanini na nne."

"Anapumua?"

Nilitazama kifua. "Hapumui. Sabini na saba."

"Mkune mgongo!"

Mikono yangu ilikuwa mifukoni. "Sabini," nilisema. "Sitini na sita."

"Mzee, wacha kusoma! Mguse!"

Nilisita. Kwa kipimo changu ilikuwa sekunde nne au tano, na nazitaja kwa sababu zilikuwepo. Kisha nikafungua kidirisha, nikamlaza ubavu, nikamkuna mgongo kwa vidole viwili, kwa nguvu kuliko nilivyodhani inafaa. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna. Ya tatu akajikunja mwili wote, akatoa sauti kama mlango wa kabati, akavuta pumzi.

Sikuondoa mikono. Mmoja kichwani, mmoja kwenye miguu iliyokunjwa. Nilikaza viwiko kwenye ukingo ili visisogee. Katuku alifika na mtungi wa oksijeni, akafunga mrija, akarudi kwa yule mwingine. Vidole vya mtoto vilikuwa wazi vyote kumi. Sikumbuki vilijikunja lini. Aliupeleka mkono mdomoni.

Stima zilirudi baada ya dakika ishirini na mbili. Yule wa mlangoni hakuishi. Mama yake alikuwa kwenye foleni ya kukamua maziwa.

Sikujaza safu za daftari leo. Mikono haikuwa na nafasi.

13 Novemba

Gramu 1,150. Mvua nyepesi.

14 Novemba

Nimempigia Mama Titus. Nikamweleza yote, pamoja na idadi.

"Mimi nilimgusa mara moja nikafukuzwa," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe kumi na saba."

"Ndiyo."

"Nani alikufukuza?"

"Hakuna."

Nilisikia mvua ya Mwanda kwenye bati lake. "Basi Baba Jedidah, hapo ndipo Mungu anapokuona," alisema. "Na bakuli langu ulirudishe. Ulikila kimanga?"

"Nilikila."

"Hilo nalo andika."

18 Novemba

Ukungu juu ya milima, hakuna aliyeona kilele cha Vuria tangu wiki iliyopita. Abby sasa haimbi. Anaweka mikono, anangoja, anahesabu kwa midomo tu. Nimemwomba radhi kwa niliyotaka kufanya. Hakujua nilitaka kufanya nini, ikabidi nimweleze. Akaenda kulia kwenye chumba cha maziwa. Ningeweza kunyamaza.

22 Novemba

Gramu 1,290. Ameondolewa mashine ya pumzi.

27 Novemba

Jedidah amerudi. Anatembea akishika ukuta. Alisimama mbele ya inkubeta na kusoma karatasi yenye jina lake kabla ya kumtazama mtoto. Katuku alimketisha, akamfungua blauzi, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, leso juu. 91, 93, 95. Haijawahi kufika 95 kwa mtu mwingine.

28 Novemba

Daktari amemweleza kuhusu damu. Haijaongezeka. Jioni nilimpa daftari.

Alisoma akiwa kitandani. Alipofika kwenye wino mwekundu alirudi nyuma na kuhesabu kwa kidole.

"Baba, ulimgusa mara kumi na saba."

"Kumi na saba zilizoandikwa."

"Na Sista alishakukataza."

"Tangu mwanzo."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ninamtazama tu," nilisema.

Akafunga daftari na kuliweka chini ya mto wake. "Usije kesho," alisema.

29 Novemba

Sikwenda.

1 Desemba

Tracy amepiga. Nimeenda Rukanga. Mashamba yamelala, nyayo za ndovu zimejaa maji. Niliandika dakika mbili za habari. Mwenye shamba aliniuliza kama ninaweza kusaidia kubeba magunia. Nikabeba.

4 Desemba

Titus asema gramu 1,520. Jedi hataki kuongea.

8 Desemba

Titus amepiga: njoo.

9 Desemba

Mvua imekatika. Barabara ya Mwatate imeanza kutoa vumbi tena.

Daktari amempima misuli. Mguu wa kulia umekakamaa kuliko wa kushoto na haukunjuki haraka. Picha itarudiwa Januari, na mazoezi yaanze sasa. Damu ilikuwa kushoto, kwa hiyo mguu ni wa kulia. Unyayo niliokuwa nikiupapasa ni wa kulia. Daktari asema havihusiani. Nimeyasikia yote mawili na ninayaandika yote mawili.

Jedidah alikuwa na daftari mapajani, amelifungua ukurasa mpya. Mtoto alikuwa amelala ubavu, gramu 1,610, bila jina bado.

"Sista amesema nahitaji kwenda kula," alisema. Hakunitazama. "Mguu huo haujitulizi wenyewe. Mtu lazima aushike."

Nikanawa mikono hadi viwikoni. Nikaipasha joto. Nikaweka mmoja kichwani, mwingine kwenye miguu, nikaukunja wa kulia polepole mpaka ukakubali. Nikangoja. Jedidah hakwenda kula. Alikaa akitazama mashine, kisha akaandika, nami nikausoma mstari huo kutoka nilipoinama:

Saa tisa na dakika kumi. Babu. Kushika. Kabla 94. Baada 94.